Naomba kujuzwa: kile kijiji cha Uswisi kinacholipa watu wakahamie, ni kweli? Na maisha ya huko yakoje?

Songambele

Wakuu habari za muda huu,

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, unapotea alafu unarudi tena, unasema kuna kijiji Uswisi kinaitwa Albinen kinatoa hela kwa familia itakayokubali kuhamia huko, faranga elfu 25 kwa mtu mzima na elfu 10 kwa kila mtoto. Mke wangu kauona, shemeji yangu kauona, na juzi kuna jamaa kamtafuta huyo shemeji anamwambia anazo fomu za hicho kijiji ila lazima alipwe kwanza hela ya usajili. Shemeji ana watoto watatu, ni fundi seremala mzuri sana, na keshaanza kuulizia bei ya kiwanja chake ili auze. Ndo mana nimekuja hapa haraka kabla mambo hayajaharibika.

Naomba wenye uhakika mnisaidie, hicho kijiji kipo kweli? Kina watu wangapi na kiko sehemu gani ya nchi? Na kwann nchi tajiri kiasi kile iwe na kijiji kinachokimbiwa na watu mpaka wawalipe wengine waje? Alafu mtu akifika huko anaishije siku hadi siku, kuna shule, kuna duka, kuna usafiri, kazi anafanya wapi? Nataka nikikaa na shemeji nimpe maelezo yaliyokamilika, nikimwambia tu "ni matapeli" hatanielewa, ataona namwonea wivu.

Mchora Ramani

Mkuu Songambele, leo hii mwambie shemeji asiuze kitu na asitoe hata shilingi. Hiyo habari ina ukweli ndani yake ila imekatwa katikati, na kipande kilichokatwa ndo chenye masharti.

Kilichotokea ni kwamba tarehe 30 Novemba 2017 wanakijiji wa Albinen walikaa kwenye mkutano wao wa hadhara wakapiga kura wakapitisha huo mpango, faranga 25,000 kwa kila mtu mzima na 10,000 kwa kila mtoto, kwa hiyo baba na mama na watoto wawili wanapata 70,000. Mpaka hapo WhatsApp wako sahihi. Sasa masharti. Uwe na umri chini ya miaka 45. Ujenge, ununue au ukarabati nyumba humohumo kijijini na gharama yake isipungue faranga 200,000, na nyumba hiyo iwe ndo makazi yako ya kudumu sio ya kuja likizo. Ukae miaka 10, ukiondoka kabla unarudisha hela yao. Na kama wewe sio raia wa Uswisi basi uwe tayari unacho kibali C, yaani cha ukaazi wa kudumu, ambacho mtu wa kutoka Afrika kwa kawaida anakipata akishaishi Uswisi kihalali miaka 10, au miaka 5 kama ameoana na raia na wanaishi pamoja.

Kwa hiyo mpango huu haumtoi mtu nje ya nchi kumwingiza Uswisi. Ni wa kumvuta kijana au familia ambayo tayari ipo Uswisi, ipande mlimani badala ya kubaki mjini. Habari ilivyosambaa duniani ofisi ya kijiji ilifurika maombi kutoka kila kona mpaka ikabidi watoe tangazo la kufafanua. Hakuna wakala anayeuza fomu, huyo jamaa ni tapeli na mngemripoti polisi itakuwa vizuri zaidi.

Jiografia yake sasa maana hapo ndo napapenda. Albinen ipo kantoni (yaani kama mkoa) ya Valais, wanaosema Kijerumani wanaiita Wallis, kusini magharibi mwa Uswisi. Uswisi nzima ina kilomita za mraba 41,285 na watu kama milioni 9, ila usidhani wamesambaa sawa, karibu asilimia 60 ya nchi ni milima ya Alps na watu wengi wamejazana kwenye ule ukanda wa katikati unaotoka Geneva kupitia Bern kwenda Zurich. Valais ni bonde moja refu la mto Rhône lenye milima mirefu pande zote mbili, kilele kirefu kuliko vyote Uswisi chenye mita 4,634 kiko kantoni hiyohiyo, na barafuto kubwa kuliko zote za Alps, ile ya Aletsch, iko humo pia. Upande wa magharibi wa kantoni wanasema Kifaransa, wa mashariki Kijerumani, Albinen ipo upande wa Kijerumani, wilaya ya Leuk.

Kijiji kimekaa ubavuni mwa mlima kwenye mita kama 1,300 juu ya usawa wa bahari, upande unaotazama jua, na hilo sio jambo dogo maana kuna vijiji vya mabonde ya ndani ambavyo kipindi cha baridi mlima unaziba jua na wiki zinapita halijawaangukia. Nyumba ni za mbao zilizoiva jua mpaka zimekuwa nyeusi, zimebanana kwenye mteremko, paa la huyu liko usawa wa dirisha la yule. Wakati wa ile kura ya 2017 wakazi walikuwa kama 240 tu.

Na kitu kimoja kinachonivutia sana kuhusu Albinen ni ngazi. Kati ya Albinen na jirani yake Leukerbad, mji mdogo wenye mabwawa ya maji ya moto yanayotoka ardhini, kuna ukuta wa mwamba. Kabla ya barabara watu walipita hapohapo kwa ngazi 8 za mbao zilizofungwa kwenye mwamba, mtu na mzigo mgongoni, akienda kuuza mazao na kurudi na mahitaji. Ngazi bado zipo mpaka leo, wapanda milima wanazipita.

Mama wa Bondeni

Habari zenu ndugu zangu. Mimi naishi hukohuko Wallis upande wa Kijerumani, nimeolewa huku, sio Albinen ila kijiji chetu ni cha aina hiyohiyo, hatufiki 400, jina sitalitaja maana ukilitaja tu umeshanitaja na mimi. Kaka Mchora Ramani amesema kweli kuhusu masharti. Ngoja nimsaidie kaka Songambele upande wa maisha.

Kwanza hilo swali la kwann watu wanaondoka. Zamani hivi vijiji viliishi kwa ng'ombe wachache, nafaka ile ya rye inayofanana na ngano, viazi na nyasi za kukausha, na mteremko wenyewe ni mkali kiasi kwamba sehemu nyingine mpaka leo nyasi inakatwa kwa mkono maana mashine itabingirika. Watoto wa siku hizi wanasoma, wanaenda chuo Bern au Zurich au Lausanne, wanapata kazi hukohuko, wanaoa hukohuko, nyumba ya babu inabaki ya kuja mwezi wa saba. Wengine wanawauzia watu wa mjini. Matokeo yake unakuta kijiji kina nyumba nyingi nzuri na taa zinazowaka usiku ni chache. Tatizo hilo lilikuwa kubwa mpaka mwezi Machi 2012 nchi nzima ikapiga kura kwamba kijiji ambacho nyumba za likizo zimezidi asilimia 20 kisiruhusu tena zijengwe mpya. Ndo mana Albinen wakasisitiza makazi ya kudumu, wanataka mtu ambaye mwezi wa kumi na moja, ukungu umeshuka na hakuna mtalii, yeye bado yupo.

Na shule ndo kidonda chenyewe. Familia mbili tatu zenye watoto zikihama kwa mpigo darasa linakufa, na darasa likifa familia nyingine changa haiji tena, sasa hapo kijiji kinazeeka kwa kasi. Albinen walipoteza shule yao kwa namna hiyohiyo, watoto wakawa wanapelekwa kwa basi vijiji vingine. Kwetu bado tuna madarasa mawili, wanachanganywa wa rika tofauti chumba kimoja na mwalimu mmoja, na kila mwaka wazee wanahesabu mimba za kijijini, namaanisha wanahesabu kweli, maana kila mtoto anayezaliwa ni mwaka mwingine wa shule kubaki wazi.

Siku ya kawaida kwangu inaanza na basi. Huku mabasi ya vijijini ni ya njano, ya posta, yanapanda kona kali sana mpaka kijiji cha mwisho, na yanafika dakika ileile iliyoandikwa. Kwenye kona usizoona mbele dereva anapiga honi ya sauti tatu ambayo hata mtoto wa mwaka mmoja anaijua. Linashuka mpaka stesheni ya treni chini bondeni na treni inakusubiri, ratiba zimefungwa pamoja. Ila la mwisho la usiku lina mapema yake, ukilikosa umekosa, kwa hiyo karibu kila nyumba ina gari pia. Kazi wengi wanashuka kufanya miji ya Visp au Brig, pale Visp kuna kiwanda kikubwa sana cha kemikali na dawa, Lonza, kinaajiri maelfu, wengine mahoteli na ujenzi na hospitali. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, kazi hiyo haikosekani.

Watoto wadogo wanaenda chekechea kwa miguu wenyewe, wamevaa pembetatu inayong'aa kifuani ili madereva wawaone, na huku kumpeleka mtoto kwa gari mpaka mlangoni wanaona unamnyima kitu chake. Saa sita kasoro wanarudi nyumbani kula, alafu mchana wanarudi shule siku zenye vipindi vya mchana. Hapo kaka mama mwenye ajira anapata shida kweli, mwambie shemeji na mkewe wasidhani wote wawili watafanya kazi kirahisi.

Duka ni moja, linafungwa mchana, jumapili halifunguliwi kabisa. Jumapili hukati nyasi, hupigi nyundo, hutupi chupa kwenye pipa la vioo maana zinalia. Taka zinawekwa kwenye mfuko maalum wa kulipia, ule wa lita 35 ni karibu faranga 2 mfuko mmoja, ndo mana kila mtu anachambua karatasi, makopo, plastiki na maganda maana kila kinachoingia kwenye mfuko ni hela yako. Bima ya afya ni lazima kwa kila kichwa mpaka mtoto mchanga, unapewa miezi 3 tangu uhamie, na kwa mtu mzima ni mamia ya faranga kila mwezi. Hii watu wa WhatsApp hawaisemi. Mshahara ni mkubwa ndio ila unatoka kama ulivyoingia.

Kisima

Dada Mama wa Bondeni shkamoo, umetufungua macho. Mi nina mawili. Moja, kijiji cha watu 240 kinapataje mamlaka ya kugawa mamilioni bila kuomba ruhusa kwa serikali kuu? Maana kwa idadi hiyo sehemu nyingine ni mtaa tu. La pili, samahani kama nauliza sana, mtu mweusi kijijini huko anaishije, wanakusalimia?

Mama wa Bondeni

Marahaba mwanangu Kisima, uliza tu.

La kwanza. Uswisi madaraka yana ngazi tatu, shirikisho, kantoni 26, na vijiji na miji ambavyo kila kimoja ni serikali kamili, vipo zaidi ya 2,100 nchi nzima, Zurich yenye watu laki nne na ushee ni kimoja na kijiji chetu ni kimoja. Kodi ya mapato unalipa mara tatu, ya shirikisho, ya kantoni na ya kijiji, na kijiji kinajipangia kiwango chake chenyewe. Maji, shule ya msingi, barabara za ndani, makaburi, taka, ramani za ujenzi, vyote ni vya kijiji. Hata uraia unaanzia hapo, unakuwa mwenyeji wa kijiji, na wa kantoni, na wa nchi, na kwenye pasipoti yao hawaandiki ulipozaliwa, wanaandika kijiji cha asili ya ukoo wako, hata kama babu wa babu yako ndo alitoka huko na wewe hujawahi kukanyaga.

Diwani na mwenyekiti wa kijiji sio kazi ya kudumu, ni fundi umeme au mkulima au mwalimu ambaye jioni anakaa kikao. Mkutano mkuu nilihudhuria nikiwa bado sina uraia kwa hiyo nilikaa viti vya pembeni vya wasiopiga kura, hapa Wallis mgeni hapigi kura hata ya kijiji, kantoni za Kifaransa kama Neuchâtel na Jura wanaruhusu. Ajenda ilikuwa bajeti. Wakapita kwenye mamilioni ya bomba jipya la maji kimyakimya, ukurasa baada ya ukurasa, alafu wakafika kwenye kibanda cha kusubiria basi, kama paa liwe la mbao za mti wa larch au bati. Mzee mmoja akasimama akasema mbao za msitu wetu zinaoza msituni na sisi tunanunua bati, nani amefikiri hivyo? Mwenyekiti akamjibu kwa heshima, mwanamke mmoja akaleta hesabu ya fundi, wakabishana karibu saa nzima, wakanyoosha mikono, mbao zikashinda. Alafu divai nyeupe na mkate na jibini, yule mzee na mwenyekiti wanagongesha glasi. Kibanda kipo mpaka leo nasubiria basi hapo. Nilielewa siku ile kwann wanaogopa sana kijiji kufa, maana kikifa sio nyumba tu zinazobaki tupu, ni huo mkutano unakufa.

Na kuna wajibu. Zimamoto ya kijiji ni wanakijiji wenyewe, mume wangu yumo, wanafanya mazoezi kwa ratiba, na mwenye umri wa kutumika ambaye hatumiki analipa tozo badala yake. Kuna bendi ya matarumbeta, kwaya, chama cha wanawake. Ukijifungia ndani umejimaliza.

La pili. Wanasalimia, kijijini ni lazima, usipomsalimia mtu njiani wanakuona huna adabu. Salamu ya huku ni "Tagwoll", ukifika ukasema "Grüezi" ya Zurich wanajua umejifunzia kwingine. Mwanzo waliniangalia sana, sio siri, na maneno mengine yaliniumiza. Watoto waliniuliza maswali ya wazi, watu wazima walinyamaza, na ukimya wa watu wazima ndo mgumu zaidi. Kilichobadilisha ni lugha. Kijerumani nilichosoma darasani na wanachoongea hapa ni vitu viwili, Wajerumani wenyewe wa Berlin hawaelewi lahaja ya Wallis. Nilipoanza kuijibu kwa lahaja yao, kidogokidogo, bibi wa nyumba ya jirani akawa ananiletea mayai. Leo akiugua mimi ndo napigiwa simu kabla ya wanae.

Mchora Ramani

Dada umenigusa hapo kwenye maji. Naomba niongezee maana wengi wanadhani Uswisi kote ni mvua na kijani. Huo ukanda wa Visp na Leuk ni miongoni mwa sehemu kavu kuliko zote Uswisi, chini bondeni mvua ni karibu milimita 600 tu kwa mwaka, milima ya kaskazini na kusini inakomba mawingu kabla hayajafika. Kwa hiyo tangu zama za kati wanakijiji walichonga mifereji kutoka kwenye vijito vya barafuto, sehemu nyingine imening'inizwa kwenye mwamba kwa mbao, ikaleta maji kwenye malisho na mashamba ya zabibu. Wanaiita Suonen, upande wa Kifaransa bisses. Maji yanagawanywa kwa zamu, kila familia na saa zake, na kila mwaka wanatoka pamoja kuizibua. Anayeijua mifongo ya Wachaga pale Kilimanjaro ataelewa mara moja. UNESCO iliuingiza umwagiliaji wa jadi wa namna hii kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2023, Uswisi na nchi nyingine kadhaa za Ulaya.

Alafu kuna jambo la hatari ambalo anayefikiria kuishi kijiji cha Alps lazima alijue. Blatten, bonde la Lötschental, kantoni hiyohiyo na sio mbali na Albinen ukipima kwa mstari ulionyooka. Watu kama 300. Tarehe 19 Mei 2025 wakaambiwa wahame wote kwa sababu mlima juu yao ulikuwa unabomoka na mawe yanaangukia barafuto ya Birch. Tarehe 28 Mei barafuto yote ikashuka na mlima, ikafukia karibu asilimia 90 ya kijiji, mto Lonza ukazibwa ukawa ziwa likafunika nyumba zilizobaki. Kijiji chenye historia ya karne nyingi kikaondoka kwa dakika chache. Mtu mmoja alifariki. Wangekuwa ndani wote sijui tungesemaje leo, kilichowaokoa ni kwamba kuna watu wanapima ule mlima kila siku na watu wakaambiwa tokeni wakatoka.

Mama wa Bondeni

Kaka Mchora Ramani hiyo siku sitaisahau. Kwetu tulisikia mngurumo tukadhani ni radi na anga lilikuwa wazi. Walihama na ng'ombe wao, kuna ng'ombe mmoja alibebwa na helikopta. Wengi wamehifadhiwa na ndugu na vijiji jirani, watoto wakaingizwa shule za jirani, na baraza lao la kijiji liliendelea kukutana wakiwa hawana kijiji, wakatangaza kwamba watajenga upya bonde lilelile. Watu wa mjini waliandika magazetini kwamba ni kupoteza hela, bora wahamie bondeni. Mimi naliona tofauti. Watu waliolelewa pamoja, wenye misitu ya pamoja, malisho ya pamoja, makaburi ya pamoja, ukiwatawanya kwenye maghorofa ya mjini hujawaokoa.

Na huku ving'ora vya hatari vinajaribiwa kila mwaka, jumatano ya kwanza ya mwezi wa pili, saa saba na nusu mchana, nchi nzima vinalia kwa pamoja. Mgeni anayefika mwezi huo asishtuke.

Jembe Kavu

Mi niko Ticino, kusini, tunasema Kiitaliano huku, naweka mfano mmoja wa kijiji kilichoshindwa ili Songambele aone pande zote. Corippo, bonde la Verzasca, nyumba za mawe mpaka paa ni la mawe, pazuri kupita kiasi. Karne ya 19 kilikuwa na watu karibu 300. Kikashuka mpaka kikabaki na wakazi kama kumi, wengi wazee, ndo kikawa kijiji kidogo kuliko vyote Uswisi chenye serikali yake. Sasa watu kumi watatoa wapi mwenyekiti, madiwani, mtunza fedha? Oktoba 2020 kikaunganishwa na vijiji vingine vya bonde ikazaliwa Verzasca moja. Majengo hayakuachwa, baadhi yamefanywa hoteli, chumba kwenye nyumba hii kingine kwenye nyumba ile, mgeni analala ndani ya kijiji chenyewe. Imesaidia, nyumba zimepona. Ila mgeni wa hoteli sio mwanakijiji.

Na hiyo ya kuunganisha inaendelea nchi nzima. Mwaka 1990 vilikuwa zaidi ya 3,000, kila mwaka mpya namba inashuka. Kantoni ya Glarus walipiga kura ya mikono hadharani 2006, mwaka 2011 vijiji 25 vikawa 3.

Songambele

Wakuu nawashukuru kutoka moyoni, hasa dada Mama wa Bondeni. Nimemsomea shemeji uzi mzima jana usiku, mkewe yupo. Pale kwenye faranga 200,000 za nyumba na kibali C akanyamaza kimya. Namba ya yule wakala tumempelekea polisi na kiwanja hakiuzwi.

Ila ameuliza swali ambalo naona ni halali kabisa na mimi sina jibu. Yeye ni seremala, miaka kumi na minane anachonga, na vijiji vyenu hivyo kila nyumba ni ya mbao. Achana na hela za Albinen, hakuna njia ya halali ya fundi kama yeye kuja kufanya kazi?

Mama wa Bondeni

Kaka asante kwa kutuletea majibu, nimefurahi sana kuhusu kiwanja.

Nikuambie ukweli maana ndo unachotaka. Njia ya kazi kwa mtu wa nje ya Ulaya ipo ila ni nyembamba mno. Uswisi inatoa vibali vipya vya kazi kwa watu wa nje ya Umoja wa Ulaya kwa kiwango maalum, kwa miaka ya hivi karibuni ni 8,500 kwa mwaka nchi nzima, vya muda mfupi na mrefu kwa pamoja. Mwombaji sio shemeji, ni mwajiri. Mwajiri ndo anapeleka maombi kwa mamlaka ya kantoni na lazima aonyeshe alitafuta mtu Uswisi na Ulaya akakosa, na wanawapa zaidi wenye shahada na ujuzi wa juu sana, madaktari, wahandisi, wataalamu wa kompyuta. Seremala ana ushindani na wa Ureno, Italia na Poland ambao hawahitaji yote hayo. Nimeona mafundi wazuri wakikataliwa na mwajiri mwenyewe analia.

Kwa hiyo asikae miaka akisubiri hiyo. Ila kama kuna siku mwajiri wa kweli atatokea, utaratibu uko hivi, kantoni inakubali kwanza, alafu shirikisho, ndo ubalozi unampa viza ya kuingia kikazi, akifika ana siku 14 za kwenda kujiandikisha ofisi ya kijiji au mji anakoishi, na afanye hivyo kabla hajaanza kazi. Ada za viza analipa ubalozini anapewa risiti. Na shemeji akipata mkataba wowote aulete hapa kabla hajasaini, majina ya watu ayafute abakize jina la kampuni, kampuni zote za Uswisi zimeandikwa kwenye daftari la biashara ambalo liko wazi mtandaoni, tutaangalia kama ipo na mume wangu atausoma huo Kijerumani chake.